Ufugaji Bora wa Mazimwi kwa Mkulima Mdogo wa Gendabi

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye akili timamu aliyefika kijiji cha Gendabi, chini ya mlima Hanang, kumsalimia dada yake, akakalishwa kwenye kigoda uani, akapewa kikombe cha maziwa, na kabla hajameza funda la pili akawekewa simu mkononi na mpwa wake wa miaka 11. "Mjomba, nishikie hapa, nakwenda kunywesha ndama. Usikubali wafike getini." Mtoto akapotelea nyuma ya zizi. Kwenye kioo, kitu chenye macho matatu na mkia wa kenge kinakuja mbio.

Mtu huyo ni mimi. Nilijifunza kwa aibu, na kwa haki ya Mungu nawe ungepaswa kujifunza hivyo hivyo, lakini elimu ya ugani haina choyo.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Simu moja, kioo chake kiwe kimepasuka upande usio na vitufe. Chaji isiyopungua asilimia 40, kwa sababu mazimwi hula betri kabla hayajala kitu kingine. Bando kidogo. Na mpwa mmoja, huyu ni wa lazima: watu wazima waliojaribu gemu hili bila mpwa wameishia kubonyeza tangazo na kujikuta wanaulizwa wanataka mkopo wa shilingi ngapi.

Sasa mchezo wenyewe. Kuna njia iliyopindapinda. Mwanzo wa njia hutoka mazimwi, kundi baada ya kundi, na kila kundi huitwa wimbi. Mwisho wa njia ipo ngome yako, nayo ina mioyo 20. Zimwi likifika, moyo mmoja unatoka. Mioyo ikiisha, umekwisha. Wewe mwenyewe huruhusiwi kumpiga mtu. Unachoruhusiwa ni kusimika minara kando ya njia, kuweka mlinzi juu ya kila mnara, kisha kukaa na kutazama kama mzee wa baraza. Na hapo ndipo penye utamu: walinzi wako nao ni mazimwi, ambayo uliyakamata au kuyaangua siku za nyuma, ukayalisha, ukayapa majina. Kwa hiyo ni mazimwi ya kufugwa yanapigana na mazimwi ya porini, na mfugaji amekaa.

Mtu aliyekulia Gendabi hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Kila alizeti inapokomaa na kuinamisha vichwa, na mtama unapoanza kujaza punje, watoto hupandishwa dunguni. Dungu ni nguzo nne, sakafu ya fito, kipande cha turubai na mtoto. Anakaa pale tangu alfajiri, ana kombeo, ana debe la kupiga, ana kamba ndefu iliyofungwa mikebe mpaka upande wa pili wa shamba. Kiswahili kimetenga kitenzi kizima kwa kazi hiyo: kuamia. Waliotengeneza gemu hawakijui, ndiyo maana maelezo yao yana kurasa 14.

Wanaotunza nasaba za magemu husema upande wa baba ukoo huu unaanzia kwenye Rampart, gemu la kampuni ya Atari Games la mwaka 1990, ukapitia ramani ambazo wachezaji wa Warcraft III walijitengenezea baada ya 2002, kisha mwaka 2007 ukaingia maofisini na kuharibu kazi za watu. Upande wa mama unatoka Japani. Satoshi Tajiri, aliyetumia utoto wake kukamata wadudu, alitoa Pokémon ya kwanza Februari 1996 ikiwa na viumbe 151 vya kukusanya. Mtoto aliyezaliwa na mkamata wadudu na mlinda boma: Gendabi unampata kila nyumba, na hakuna aliyewahi kumtoza fedha kwa kuwa hivyo.

Tuanze na mahali pa kujenga, maana hapo ndipo nilipopoteza mioyo saba mpwa wangu akiwa bado kwa ndama.

Kila mlinzi ana duara lake. Kilicho ndani ya duara atakipiga, kilicho nje atakiangalia kama wewe unavyoangalia basi lililokuacha. Kosa la mgeni ni kumpeleka mlinzi mkali mwanzoni kabisa mwa njia, palipo na mstari mnyoofu, kwa hamasa. Mazimwi yanapita mbele yake kwa sekunde mbili, anarusha mara moja, yamekwenda. Mlinzi huyo huyo mpeleke kwenye kona, njia inapojikunja kama kiwiko: zimwi litamkaribia, litageuka, litamkaribia tena, na muda wote huo lipo ndani ya duara. Nguvu ya mlinzi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni muda ambao adui analazimika kukaa naye, na ukitaka kujua jinsi hilo linavyochosha, muulize yeyote aliyewahi kukaa na shemeji mlevi.

Dungu la dada yangu halipo katikati ya shamba, ingawa hapo ndipo mimi ningelijenga, maana napenda vitu viwe katikati. Lipo pembeni, karibu na migunga mitatu. Ndege hawaingii shambani moja kwa moja. Hutua kwanza kwenye migunga, wakapiga soga, wakahesabiana, ndipo washuke. Kona yao ni ile. Jiwe la kombeo likipita hapo wakati bado wanapiga soga, wimbi limevunjika kabla halijaanza.

Kuna jambo moja kuhusu mahali pa kujenga ambalo mpwa wangu hakunifundisha, nililiona tu. Ramani ya hatua ya 14 ina korongo linaloshuka kutoka mlimani, na ndani ya korongo zimo nafasi tatu nzuri kuliko zote. Hakujenga hata moja. Nilipomwonyesha akasema, "Hapo maji yanapita, mjomba." Kwenye gemu hapakuwa na maji, ilikuwa rangi ya udongo tu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na hapa Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sikumuuliza tena. Kanuni iandikwe kama alivyoisema.

Uchumi.

Kusimika mnara kunagharimu sarafu, na sarafu huna. Magemu mengi hukupa kitu cha kuzalisha fedha ambacho hakipigani, na mchezaji mwenye pupa hukidharau. Mfano bora kabisa ni Plants vs. Zombies, gemu la mwaka 2009 kutoka kampuni ya PopCap ya Seattle, ambamo unalinda nyumba kwa mimea. Kizalisha fedha wao, katika mimea yote duniani, wamechagua alizeti. Unainunua kwa jua 50, maana jua ndiyo sarafu yao, nayo inakutolea jua 25 kila baada ya sekunde 24 hivi. Kwa hiyo ndani ya dakika moja imerudisha mtaji, na kinachofuata ni faida tupu. Anayepanda alizeti mbili tatu kabla ya kupanda mlinzi yeyote ataonekana mjinga kwa dakika ya kwanza na tajiri kwa dakika ya tano.

Nilimweleza dada yangu habari hii nikidhani itamfurahisha, maana naye ana ekari mbili za alizeti. Aliacha kupeta.

"Sekunde 24?"

"Ndiyo."

"Na bei anapanga nani?"

"Bei haibadiliki, dada. Ni 25 siku zote."

"Basi hiyo siyo alizeti," akasema, akaendelea kupeta.

Njia ya pili ya kupata sarafu ni kuua. Kila zimwi linapoanguka, sarafu zinaruka juu na kulia kling'i, na jumla inaongezeka pembeni mwa kioo. Hapa napenda tusimame kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo gemu lilipowapata watoto wa Gendabi, si kwenye yale macho matatu. Dunguni hakuna anayelipa kwa ndege. Ukiamia vizuri kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, malipo yako ni kwamba jioni shamba liko kama lilivyokuwa asubuhi. Nenda kamwonyeshe mtu hilo. Atatazama shamba, atakuambia, "Kwani leo ndege walikuwepo?" Ukilala nusu saa, wakala robo ya mtama, hapo ndipo kijiji kizima kitajua kwamba ulikuwa mlinzi. Mtoto amekaa miaka mitatu akifanya kazi ambayo ikifanikiwa haionekani. Kisha anapewa simu inayolia kling'i kila anapofanikiwa. Ungekuwa wewe?

Tuendelee. Namna za kupiga.

Wapo walinzi wanaopiga mmoja mmoja kwa nguvu, na wapo wanaopiga eneo zima kwa nguvu ndogo. Ukikosea kuwapanga, unalia. Mwalimu wa somo hili ni kwelea kwelea. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 si kitu, hata kuku anadondosha zaidi. Lakini hawaji mmoja. Wakija milioni moja, na huja hata zaidi, hizo ni tani 10 kwa siku moja, na kesho wana njaa tena. Kombeo dhidi ya kwelea kwelea ni mlinzi wa mmoja mmoja: unaua watatu, wanabaki 999,997. Ndiyo maana kwenye mashamba makubwa ya ngano kama ya Basotu dawa ya kweli hutoka angani: ndege ya serikali hupita jioni juu ya malalo yao, wakiwa wamebanana kwenye matawi, na kunyunyiza sumu. Huo ndio mnara wa eneo zima, una gharama ya mnara wa eneo zima, na kama ilivyo kwenye gemu huwezi kuusimika wewe mwenyewe hatua ya kwanza. Unaandika barua wilayani.

Majirani zetu wa Kondoa wana mbinu ambayo gemu halijaifikiria. Wanawatega kwelea kwelea kwa nyavu na mitego ya kusuka, wanawanyonyoa, wanawapika. Wimbi linaposhambulia, mboga imekuja yenyewe. Nilimpendekezea mpwa wangu kwamba wangeweka kitufe cha kula zimwi. Akaniangalia kwa huruma.

Ngozi ngumu ni jambo jingine. Mazimwi fulani yana gamba, na gamba hupunguza kila pigo kwa kiasi kile kile. Tuseme gamba linakata 2. Mlinzi anayerusha mara kumi, kila pigo 3, ameonekana kama anapiga 30. Ukitoa gamba anabaki na 10. Mlinzi mzembe anayerusha mara moja tu, pigo la 30, anabaki na 28. Ukiwa na haraka ya kununua wale wanaorusha kama cherehani utafurahi mpaka wimbi la nane, kisha atakuja mwenye gamba anatembea polepole katikati yao kama nungunungu aliyeingia kwenye mahindi saa nane ya usiku. Vijiwe vidogo vyote humwambia karibu. Yeye anataka gogo moja, mara moja.

Halafu kuna amri ya nani apigwe kwanza. Ukimbonyeza mlinzi atakuuliza: nimpige wa kwanza, wa mwisho, mwenye nguvu, au aliye karibu? Watu wazima hawajui kwamba swali hili lipo, na hupoteza hatua nzima kwa sababu yake. Mwambie apige wa kwanza, yaani aliyekaribia geti, isipokuwa umemweka mlinzi wako mkali nyuma kwa ajili ya majitu. Huyo mwambie mwenye nguvu. Mbwa wa dada yangu amezaliwa amewekwa kwenye "aliye karibu" na hakuna aliyepata kitufe cha kumbadilisha. Ngedere wanapita shambani wakiwa na mahindi mikononi, yeye anambwekea kuku.

Usidharau pia walinzi wasioua. Kuna vitu vya barafu na vya matope ambavyo kazi yake ni kuchelewesha, na vingine vinageuza njia. Mpwa wangu aliviita vya wanawake mpaka hatua ya tisa ilipomfundisha adabu. Mbinu hii shambani ina jina, sukuma-vuta, na ilitengenezwa na watafiti wa ICIPE kule Mbita, kwenye Ziwa Victoria, upande wa Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake humchukiza nondo wa kiwavi wa bua; kuzunguka shamba unapanda mabingobingo, ambayo humvutia. Nondo anasukumwa huku, anavutwa kule, anataga kwenye mabingobingo, na mabingobingo yanatoa utomvu unaowanasa watoto wake. Hakuna aliyerusha jiwe. Na mabingobingo, ukimaliza vita, unamlisha ng'ombe. Nitajie mnara wa simu unaoweza kufanya hivyo.

Sasa ufugaji wenyewe, yaani ukusanyaji. Hapa mkulima mdogo awe macho.

Mazimwi mazuri hayakamatwi ovyo, yanatoka kwenye mayai. Yai unalinunua kwa almasi, almasi unazipata kidogo kidogo kwa kucheza au nyingi kwa mara moja kwa kutumia pesa ya simu. Yai halioneshi kilichomo. Linatikisika, linatoa mwanga, muziki unapanda, mtoto anashika kichwa, na anatoka yule panya wa kijani ambaye tayari unao kumi na wanane. Gemu linakuandikia kwa herufi ndogo kwamba uwezekano wa kupata joka la dhahabu ni asilimia 1. Mpwa wangu alipiga hesabu: asilimia 1, basi mayai 100, joka ni lake. Hesabu hiyo siyo. Katika watoto 100 watakaofungua mayai 100 kila mmoja, takriban 37 wataondoka bila joka, na hao 37 ndio watakaofungua yai la 101. Biashara nzima imesimama juu ya mgongo wao. Japani, walikoanzia, mwaka 2012 ilibidi mamlaka ya walaji ipige marufuku mtindo mmoja wa kutega watu wakamilishe seti ili wapate zawadi kubwa. Ubelgiji mwaka 2018 wakayaita masanduku ya magemu yanayouzwa kwa mtindo huu wa yai kuwa ni kamari.

Mfafanulie Mbarabaigi, mfugaji wa huku, habari ya yai. Huyu ni mtu anayekwenda mnadani, anamzunguka dume mara tatu, anatazama kwato, anatazama meno, anatazama nundu, anamtazama muuzaji, anaondoka, anarudi, ndipo anataja bei ambayo ni matusi. Mwambie kwamba yupo mtu anayetoa pesa kwanza, kisha anaoneshwa ng'ombe, na ng'ombe akitokea mbuzi hamna kurudisha. Mimi nilimweleza jirani mmoja wa dada yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza kama mtoto ameshapelekwa hospitali.

Siyo kwamba bahati haimo katika kukusanya mazimwi ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mihogo ya Afrika ilikuwa inamalizwa na kidungata aliyetoka Amerika Kusini bila adui yake. Watafiti walizunguka bara lile wakimtafuta huyo adui, na mwaka 1981 wakampata Paraguai: nyigu mwenye urefu wa milimita mbili hivi, ambaye hutaga yai ndani ya kidungata na watoto wake wanamla kutoka ndani. Hans Herren na wenzake wa IITA, Nigeria, wakamzalisha kwa wingi na kumwachia katika nchi baada ya nchi, hata kwa kumdondosha kutoka kwenye ndege. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Ndilo joka la dhahabu hilo, milimita mbili, na hakuna muziki uliopanda.

Si kila yai hutoa nyigu. Dumuzi mkubwa alipoingia kwenye maghala ya Tabora, akitokea Amerika ya Kati, wakulima walimpa jina la Scania, kama malori. Akaletwa mbawakawa mwingine wa kwao amle. Katika Afrika Mashariki alianza kuachiwa Kenya mwaka 1992. Mahali pengine alifanya kazi, pengine Scania akaendelea na safari. Mkulima wa Gendabi mpaka leo anachanganya dawa ya unga kwenye mahindi yake au ananunua mifuko isiyopitisha hewa.

Mazimwi pia hubadilika umbo. Ukimlisha yule panya wa kijani wenzake kumi na wanane anageuka kuwa kitu chenye mbawa. Hapo nilitaka kucheka, halafu nikamkumbuka Magawa. Panya buku, mnyama ambaye dada yangu angemvunja mgongo kwa mwiko, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akafundishwa na shirika la APOPO kunusa vilipuzi, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na mengine ambayo hayajalipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kwa hiyo uchague unayemlisha, hujui atakayekuwa.

Kila baada ya mawimbi kumi anakuja bosi. Muziki unakuwa mzito, kioo kinatetemeka, na gemu kwa uungwana wake linakutangazia: bosi baada ya sekunde 30. Bosi wa Gendabi hatangazi. Viwavijeshi wa zamani walau serikali imewawekea mitego ya nondo. Ukihesabu nondo wengi unajua kwamba siku chache zijazo kuna kazi, na hiyo ndiyo saa pekee tuliyo nayo pembeni mwa kioo. Kisha mwaka 2017 akaripotiwa nchini Tanzania kiwavijeshi vamizi, kutoka Amerika, mwaka mmoja baada ya kutua barani. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja na kutaga mayai elfu moja na zaidi maishani. Utamtambua kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia, kwa maana hiyo amekuja na nembo yake, kama bosi yeyote. Ana hatua sita za kukua. Hatua za mwanzo dawa inamfikia. Hatua za mwisho ameshaingia kwenye moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi chake, na unaweza kunyunyiza mpaka uishiwe. Wengi hapa huchota mchanga au majivu na kumimina moyoni mwa kila mhindi, mmoja mmoja, kwa vidole. Mpige mapema. Huo ndio ushauri wa gemu kuhusu mabosi wote, na umeandikwa kwa herufi kubwa mahali ambapo hakuna anayesoma.

Nilipokuwa najivunia kufika hatua ya 15, bibi alitoka ndani. Ni mama mkwe wa dada yangu, Mwiraqw aliyezaliwa upande wa Mbulu. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aone kinachofanya watu wazima wapige kelele. Mpwa wangu akamweleza: njia ile, mazimwi yale, minara ile.

"Mnara wa nini?" akauliza bibi. "Si kila mtu atakuona?"

Akatueleza jinsi wazee wao walivyojenga nyakati za uvamizi wa Wamasai. Hawakupandisha ukuta. Walichimba ndani ya mteremko, wakaweka paa la udongo lililolingana na ardhi, nyasi zikaota juu, ng'ombe wakaingizwa ndani pamoja na watu. Mvamizi angeweza kutembea juu ya vichwa vyao akitafuta boma.

"Lakini bibi," akasema mpwa, "bila minara hakuna gemu."

"Si ndiyo vizuri?" akasema bibi, akamrudishia simu.

Nimetafuta njia ya kuingiza mbinu hii katika mwongozo na nimeshindwa. Gemu halina kitufe cha kutokuonekana.

Mambo ya mwisho ni ya kiutendaji. Siku ya tatu dada yangu aliniomba niamie asubuhi, mtoto aende shule. Nilipanda dunguni na kombeo, na simu mfukoni kwa ajili ya dharura. Dharura ilitokea saa mbili na robo, hatua ya 16. Nilikuwa na walinzi tisa kwenye kona, wote wa eneo zima, joka la kuazima nyuma yao, na bosi alikuwa amebakiza damu kidogo sana. Nilimmaliza. Kling'i zilikuwa nyingi. Nilipoinua macho, migunga mitatu ilikuwa mitupu, na mtama ulikuwa unatikisika ingawa hapakuwa na upepo.

Kwa hiyo, wewe utakayenifuata kwenye dungu lile: kombeo linaning'inia kwenye nguzo ya kushoto, siyo ya kulia, ya kulia ina nyigu. Mawe yapo kwenye ndoo ya bluu. Kwenye simu mawe hayaishi. Ndooni yanaisha kabla ya saa nne, na mtaa ule hauna mengine, kwa hiyo yaokote jioni kule karibu na korongo, urudi kabla giza halijaingia. Kamba ya mikebe uivute kutoka kwenye fundo la pili, la kwanza limelegea. Na simu mwachie bibi. Ameshafika hatua ya 11, ingawa anakataa kujenga chochote, na hakuna hata mmoja wetu anayeelewa anavyofanya.